Ukienda Ardoch usiende saa sita mchana

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, anasema kapoteza mafuta ya gari bure kwenda Ardoch, ile kambi ya kale ya Warumi huku Scotland, kaona majani na kondoo basi. Iliniuma, maana na mimi yalishanikuta.

Mara ya kwanza nilienda Juni, jua liko juu kabisa, nikiwa na shemeji yangu katoka Dar kututembelea. Njia nzima toka Glasgow namsifia tu, kambi ya jeshi la Warumi, karibu miaka 2,000, tukafika pale kijijini Braco, ilipo kambi yenyewe, akatazama akasema, "Shem, ndo umetuleta kuona malisho?" Gari zima likacheka. Lile neno mpaka leo ninalo moyoni, na ile off niliiombea wiki tatu.

Kosa ni kwamba niliwaahidi kuta. Warumi pale walijenga kwa udongo na mapande ya nyasi, nyumba zao za mbao zikaoza zamani. Kilichobaki ni mahandaki na matuta na hiyo ndo mali yenyewe, kaskazini na mashariki kuna mahandaki mpaka matano yamefuatana.

Nikarudi Novemba peke yangu, saa nane mchana, maana Scotland mwezi huo saa kumi giza linaingia. Jamani! Jua limelala, kila handaki lina kivuli chake, nikasimama kwenye tuta nikahesabu moja mpaka tano, nikamwona kabisa adui anashuka la kwanza, anapanda, anashuka tena, huku juu mikuki inamsubiri, sasa huyo anafika saa ngapi? Nililia, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo nenda jua likiwa chini, vaa buti, mashine ya kutafuta vyuma iache nyumbani, pale panalindwa kisheria. Ila kabla ya yote pitia makumbusho ya Hunterian, Glasgow, uone jiwe la kaburi lililotoka Ardoch, la Ammonius, ofisa wa kikosi cha Wahispania, kalitumikia jeshi miaka 27. Miaka 27 ndugu zangu! Ukishamjua huyo hutaona malisho tena, na sisi tuache tabia ya kudharau kitu kwa sababu hakina geti wala tiketi, tunapanga foleni kupiga picha kwenye makasri halafu mahali mtu kamaliza ujana wake tunapapita na gari.

Shemeji anakuja tena Desemba. Nimeshamuulizia saizi ya buti.