Slim au Pro: Pesa Iende Wapi Kama Unataka Mashine Idumu

Hapa kwenye meza yangu ya ufundi, nyuma kidogo ya Soko Kuu Arusha, swali linalojirudia kuliko yote ni hili: "Kaka, nichukue Slim au nijibane nipate Pro ili ikae muda mrefu?" Anazungumzia matoleo mawili ya PlayStation 4 (PS4), mashine ya gemu ya Sony: Slim ni nyembamba ya bei nafuu, Pro ni yenye nguvu zaidi na ghali zaidi. Wanaouliza wengi wana vibanda vya gemu, Ngarenaro, Unga Limited, Morombo huko. Wengine ni wazazi wanaotaka dogo atulie nyumbani. Jibu langu kwa wote ni moja. Pro ni mashine nzuri, ila kama unachotafuta ni kudumu, baki na Slim.

Wengi hawapendi kulisikia. Tumezoea kuamini kwamba kitu chenye nguvu zaidi kinachelewa kuzeeka. Kwa mashine ya gemu, anayeamua lini imezeeka ni mtu anayetengeneza magemu, na yeye hahesabu nguvu ya mashine yako. Anahesabu mashine za aina hiyo ziko ngapi majumbani kwa watu.

Chukua PS4. Ilitoka Novemba 2013. Septemba 2016 ikaja Slim, na Novemba mwaka huohuo ikaja Pro. Upande wa picha Pro iliongezwa nguvu zaidi ya mara mbili, kutoka teraflopi 1.84 hadi 4.2 (teraflopi ni kipimo cha nguvu ya kuchora picha). Lakini prosesa ilibaki ileile ya Jaguar yenye viini 8, ikaongezwa mwendo tu kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.1. Na prosesa ndiyo inayobeba hesabu za mchezo wenyewe: wachezaji 22 wanakimbilia wapi, mpira unadunda vipi, barabarani kuna magari mangapi. Gemu likiishinda prosesa ya PS4 ya kawaida, kwenye Pro nalo litahema. Zaidi ya hapo, Sony waliweka sharti tangu mwanzo kwamba gemu lolote la Pro lazima licheze pia kwenye PS4 ya kwanza. Kwa hiyo hakuna gemu hata moja ambalo mwenye Pro alilipata na mwenye Slim akalikosa.

Na gemu likiachana na PS4, mlango hufungwa siku moja kwa wote. Mnakumbuka gemu la Cyberpunk 2077, Desemba 2020. Kwenye PS4 lilikuwa kituko hadi Sony wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, likarudi Juni 2021. Kwenye Pro lilikuwa na nafuu, ndiyo. Ila nyongeza yake kubwa ya 2023, Phantom Liberty, haikuja PS4 ya aina yoyote. Aliyelipia Pro na aliyelipia Slim wote waliambiwa wanunue mashine mpya.

Sasa angalia ipi ilianza kuzikwa. Januari 2021 Sony walithibitisha kwamba huko Japani wameacha kutengeneza PS4 zote, Pro ikiwemo, isipokuwa Slim nyeusi ya GB 500. Microsoft nao, Julai 2020, walitangaza kuachana na Xbox One X, mashine yao ya gemu waliyoitoa Novemba 2017 kwa mbwembwe za kuwa na nguvu kuliko zote. Xbox One S ya bei ya chini ikabaki kiwandani muda zaidi. Kote kuwili lile toleo la kifahari liliondoka kabla ya dogo lake wa bei rahisi.

Kwa nini basi walitengeneza Pro? Andrew House, aliyekuwa bosi wa PlayStation wakati huo, alilieleza bila kuficha mwaka 2016: katikati ya maisha ya mashine, wapenda picha kali huanza kuhamia kwenye kompyuta, na Pro ilikuwa ya kuwazuia. Ni biashara yao na wana haki nayo. Ila hesabu hiyo haikuwa ya kibanda chenye TV ya inchi 32 pale Kaloleni, ambako mteja analipia mechi na macho yake yote yako kwenye matokeo.

PS4 imeishi muda wote huu kwa sababu ziliuzwa zaidi ya milioni 117, na nyingi ni za kawaida na Slim. Ndiyo maana hata mpira wa FC 26, uliotoka 2025, bado umeletwa PS4. PS2 ni mfano mkali zaidi: ilitoka 2000, haikuwahi kuwa na Pro, mwaka 2004 ikapunguzwa umbo na bei ikazidi kushuka, ikauzwa zaidi ya milioni 155, na mwaka 2013 bado FIFA 14 ikatolewa kwa ajili yake. Kinyume chake ni Sega, kampuni nyingine ya Japani. Mwaka 1994 waliuza kifaa cha kuiongezea nguvu mashine yao ya zamani, Mega Drive, unakichomeka juu yake, kinaitwa 32X, wakati mashine yao mpya kabisa, Saturn, inaingia sokoni Japani. Nani angenunua? Kilikufa haraka, na walionunua wakabaki na kinyongo.

Lakini hayo ni maisha ya mashine sokoni. Kinachoua mashine mkononi mwako hapa Arusha ni vumbi, joto na umeme, na hapo Pro inakupa kazi ya ziada. Slim imeandikwa wati 165 kwa kiwango cha juu, Pro za mwanzo wati 310. Zaidi ya hapo ina maana ya joto zaidi, feni kufanya kazi zaidi, hewa nyingi zaidi kuvutwa ndani, na LUKU kwenda mbio.

Juzi nimefungua Pro iliyotoka kibanda cha Morombo, kando ya barabara ya vumbi. Mwenyewe alilalamika kwamba inanguruma kama bodaboda ya mlimani kisha inajizima. Skrubu zake zinataka bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, usilazimishe na kisu. Ndani, kati ya mapezi ya bati la kupozea joto, vumbi jekundu lilikuwa limegandamana na nywele na nyuzi za zulia hadi likawa kitambaa. Nililibandua kwa kibano likatoka kipande kizima. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu ilikuwa imekauka, ukiigusa inamomonyoka kama chaki. Brashi laini, pesti mpya, feni ikafutwa, mashine ikatulia. Gharama haikufika hata robo ya tofauti ya bei kati ya Slim na Pro.

Kwa hiyo pesa ya tofauti ipeleke hapa. Kwanza stabilaiza nzuri, na kama unaweza, UPS ndogo, yaani betri ya kushika umeme kwa muda ukikatika. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika data, inayoumia ni hadi diski (hard disk), sehemu inayohifadhi magemu. Kwa sababu hiyohiyo usiiache ikiwa imelala usiku, izime kabisa. Pili, toa hadi diski ya kizamani uweke SSD, hifadhi ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kwenye Slim unafungua kifuniko kidogo kwa nyuma, unabadilisha, unapakia programu ya mfumo kwa flashi. Gemu linafunguka haraka zaidi, na wateja wa kibanda hawasubiri wakikodolea macho skrini. Tatu, pedi za akiba, maana analogi, vile vijiti vya kuelekeza mchezaji, zitaanza kutembea zenyewe kabla mashine haijachoka. Na mashine iweke juu ya meza, si sakafuni.

PS5 Pro, toleo lenye nguvu la mashine iliyofuata PS4, imerudia mtindo uleule. Ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, ambazo ni kama milioni moja na laki nane kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Picha imeongezwa nguvu sana, prosesa ni ya familia ileile, na haina sehemu ya CD. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Mjini hapa watu wanabadilishana CD, wanauziana, gemu moja linapita mikono mingi. Bila CD utapakua gemu la GB 100 kwa bando, na ukilimaliza huwezi kumuuzia mtu.

Kama una TV ya 4K sebuleni, una faiba nyumbani, na unaipenda picha kali kwa roho yako yote, ichukue PS5 Pro na usimsikilize mtu. Ila siku hiyohiyo agiza na ile sehemu ya CD, inauzwa peke yake na unaipachika mwenyewe.