Mume wangu anatembea pekupeku, mtaa mzima unanisema

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana miaka 49, ni fundi seremala hapa Morogoro. Tangu mwaka jana ameacha kuvaa viatu. Dukani kwa Mangi, gengeni, kwenye daladala, hata msibani anakwenda peku. Mtaani wengine wanasema amepewa sharti na mganga, wengine wanasema amefilisika, na wapo wanaosema mimi ndiye nisiyemtunza. Siku ya kikao cha wazazi mlinzi alimzuia getini, binti yetu wa kidato cha pili akalia, akasema baba asije tena shuleni. Nikimuuliza anasema viatu vinamuunguza, na mbona yule mkimbiaji wa Ethiopia, Abebe Bikila, alikimbia peku akashinda. Usiku anatoa miguu nje ya shuka anaibandika ukutani ipate ubaridi. Marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo, mwishowe akakatwa mguu kwa sukari. Nimechoka kuchekwa. Nimwambie achague, viatu au mimi?*
*Mama wa Wawili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako karibu yote inahusu macho ya watu, na aibu hiyo naielewa. Lakini mimi nimekwama kwenye ile miguu iliyobandikwa ukutani.

Mtu akikuambia viatu vinamuunguza, usidhani ni kisingizio. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni huanza kuumia kwa kuwa ndiyo mirefu zaidi mwilini. Mwenyewe husikia nyayo zinawaka na kuchomachoma, na usiku hali huzidi. Kisha moto ule hupoa, naye akadhani amepona, kumbe ganzi imeingia. Hapo ndipo pa hatari. Seremala mwenye ganzi hukanyaga msumari asubuhi, akauona jioni kwa sababu ya damu sakafuni. Kidonda hakiponi, kinaoza, na mnaishia alikoishia baba mkwe wako.

Sisemi kwamba mumeo ana kisukari. Miguu huwaka kwa mengi: upungufu wa vitamini B, pombe ya miaka mingi, hata baadhi ya dawa za kifua kikuu. Ila kwa umri wake, na baba aliyekatwa mguu, hafai kukaa wiki nyingine bila kupimwa. Apimwe asubuhi akiwa hajala kwa muda wa saa 8 au zaidi, maji tu ndiyo ruksa. Kipimo kikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, na kikirudiwa kikasoma hivyo tena, huo ni ugonjwa wa kutibiwa, na haumfungi mtu asiishi maisha yake.

Leo usiku fanya jambo moja. Mwambie afumbe macho, umguse kwa ncha ya kidole chako, taratibu sana, kwenye kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Kila ukigusa aseme ni kulia au kushoto. Ukimgusa akanyamaza, mkamweleze daktari hivyo hivyo. Kisha shika taa umkague nyayo, visigino na katikati ya vidole. Na asitumbukize miguu kwenye maji ya moto eti kuipumzisha, maana mwenye ganzi huungua bila kujijua.

Muulize pia alichanjwa lini pepopunda. Sisi wanawake tunachomwa kliniki tukiwa wajawazito. Wanaume wengi mara ya mwisho walichomwa utotoni, na yeye anashinda peku kwenye karakana yenye misumari.

Sasa hao watu. Macho yao yana historia. Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya mabwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walijinunulia kofia, kanzu na viatu ili nao waonekane waungwana. Bibi zetu walirithi hofu ile, nasi tumeirithi kwao, ndiyo maana mtu mzima akionekana peku barabarani tunamtafutia balaa: kafilisika, karogwa, kachanganyikiwa. Wanaokusema wanarudia walichokikuta. Huna haja ya kuwajibu mmoja mmoja. Atakayekuuliza mwambie, "Miguu inamsumbua, tunashughulikia," halafu uendelee na safari yako. Na habari za mganga zisikuingie. Umeniandikia mwenyewe kwamba anafanya kazi na anahudhuria misiba. Kama angekuwa halali usiku kucha, anaongea peke yake au anagawa mali ovyo, ningekuambia mengine.

Binti yako ana haki yake. Umri ule kuchekwa na wenzake getini kunauma sana, na baba yake anapaswa kulisikia hilo kutoka kwa binti mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Shuleni, hospitalini na makaburini avae. Hilo naliombea bila kusitasita. Mnunulieni sendo pana za mikanda, soli nene, zisizobana popote. Ndala za vidole hazimfai, zinachubua. Kabla ya kuvaa apitishe mkono ndani atoe vijiwe.

Na akikutajia tena Bikila, mwambie ni kweli, Roma mwaka 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki peku. Miaka 4 baadaye, Tokyo, alishinda tena, akiwa amevaa viatu.

Ile kauli ya "viatu au mimi" imeze. Mwanamume anayeungua miguu usiku akiwekewa chaguo hilo ataona umesimama upande wa mlinzi wa getini, na akishaona hivyo hatakuambia tena panapomuuma. Mwite kwa upole, "Baba watoto, kesho asubuhi usinywe chai, tunakwenda kupima sukari." Usimtaje jirani yeyote. Uende naye, usimwache aende peke yake, maana akifika akakuta foleni atarudi karakana. Akizikataa hata hizo sendo siku hiyo, msigombane, nendeni hivyo hivyo akiwa peku. Kipimo kwanza.