Barua ya HOA kuhusu majani: ijibu mapema, na usisahau bomba la nje

Dada, pole na hiyo barua ya HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa wenu, inayokutaka uzoe majani ya miti yaliyoanguka uwanjani. Umeuliza kama ni lazima uzoe majani wakati mti wenyewe ni wa jirani, kwa kawaida ndiyo, yakishaangukia kwako ni ya kwako. Angalia tarehe ya mwisho waliyokupa, wajibu kwa imeili leo leo uwaambie utamaliza lini, ukijibu mapema huenda hata faini isije. Na zile sheria ulizopewa uliponunua nyumba zisome sehemu ya uwanja, kuna HOA zinataka majani yatiwe kwenye mifuko ya karatasi tu.

Kama sheria hizo hazikatazi, sio lazima uzoe yote, yakikauka pitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake yasagike yabaki kama mbolea, ila yakiwa tabaka nene toa, nyasi za chini zitakufa.

Gata, yaani mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, safisha majani mengi yakishaanguka. Pale kwenye kona bomba linaposhukia hujaa tope jeusi la majani, toa kwa mkono na glovu halafu mwaga maji uone kama yanapita, na ngazi ashike mtu tafadhali.

Sasa kitu barua haijataja na ndicho naomba ukifanye wikendi hii, bomba la nje. Huko Ohio baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi Oktoba hii hii, chomoa mpira wa maji, funga valvu ya ndani kama ipo, halafu fungua koki ya nje maji yaishe. Maji yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka ndani ya ukuta na unaweza usijue mpaka ufungue maji tena mwezi wa nne.