Nilishika mlango wa kibanda umiza Igogo, ngoja nichangie hili la siasa na sinema za kutisha

Mkuu uliyeanzisha uzi umeuliza kama sinema za kutisha za siku hizi zimeharibiwa na siasa za wanaharakati, hawa wa haki za weusi, wanawake na wanyonge. Mdau mmoja akakujibu kwamba zombi (maiti iliyofufuka kula watu) ni zombi tu, siasa waachiwe wabunge. Nimeshindwa kupita kimya. Kazi yangu ya kwanza mjini Mwanza ilikuwa kushika mlango wa kibanda umiza kule Igogo, kuanzia 2006 mpaka 2008, na sinema za kutisha nilizitazama nyingi kuliko nilivyokula wali.

Kwa waliozaliwa na simu janja mkononi, kibanda umiza ni ukumbi wa video wa mtaani: mabati, turubai, mabenchi, televisheni ya inchi 21 ndani ya kasha la nondo, deki, na jenereta nyuma linalopiga kelele kuliko spika. Kiingilio shilingi 100, mtoto 50. Mtafsiri wetu alikalia ndoo iliyopinduliwa, maiki mkononi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, ila alivichanganya Kiswahili na Kisukuma mpaka jini la Kizungu likawa linaongea kama mtu wa Magu.

Siku moja bosi akaleta diski moja ya Kichina, zile za filamu kumi na kitu kwa mpigo. Katikati ilikuwamo moja isiyo na rangi, Night of the Living Dead ya George Romero, ya 1968. (Baadaye nilijua kwa nini ilikuwa inajazwa kwenye kila diski ya bei chee: walipobadilisha jina la filamu walisahau kurudishia tangazo la hakimiliki, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma.) Watu wakaguna, picha gani hii haina rangi. Kisha wakanyamaza, maana stelingi, yaani shujaa wa filamu, alikuwa mtu mweusi. Hatukuzoea. Katika sinema za kutisha za Marekani mweusi ndiye anayetangulia kufa, na mtafsiri alikuwa na msemo wake kabisa, mweusi akitokea tu kwenye kioo anasema, "Huyu msimzoee." Siku hiyo alishasema, akala aibu. Huyu bwana, Duane Jones, ndiye anayepigilia mbao madirishani, ndiye anayepanga mipango, na Mzungu mwenye familia anabishana naye muda wote. Anapambana na mazombi usiku kucha, anabaki peke yake.

Asubuhi linakuja kundi la wanaume na bunduki na mbwa, waokoaji. Stelingi anachungulia dirishani. Risasi moja ya kichwa. Wanamburuta kwa ndoano za nyama, wanamchoma pamoja na maiti za mazombi. Mwisho.

Kibanda kililipuka. Stelingi hafi, hiyo ilikuwa sheria ya nchi! Watu wakanijia mlangoni kudai mia zao, mmoja akanikaba ukosi. Aliyeniokoa ni mtafsiri. Akarudi kwenye maiki, akasema taratibu, "Wale jamaa hawakuona zombi dirishani. Waliona mtu mweusi." Maneno hayo hayamo kwenye filamu, ni yake. Lakini watu walikaa kimya, wakatoka mmoja mmoja, na mia zao sikurudisha hata moja.

Sasa mkuu, Romero mwenyewe alisema alimpa Jones nafasi ile kwa kuwa alifanya vizuri kuliko wenzake kwenye majaribio, basi. Hakuwa anaandika risala. Halafu akasimulia kwamba walikuwa njiani na filamu kuipeleka New York, Aprili 1968, ndipo wakasikia redioni Martin Luther King, mpigania haki za weusi, ameuawa. Baada ya hapo nani angeitazama risasi ile kama risasi tu? Kwa hiyo nikisikia mtu anasema siasa zimeingia juzi kwenye sinema za kutisha namwona kama anayesema sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria zamani, ameletwa mwaka jana.

Ninachokubaliana nawe ni kwamba kuna sinema za kuhubiri. Mtu anafukuzwa na jini, anasimama katikati ya korido kutoa hotuba. Hizo nalala.

Ila usizichanganye na Get Out ya Jordan Peele, 2017. Niliitia kwenye flashi pale laibrari ya muvi, shilingi 500. Iligharimu kama dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 250. Stelingi wake ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London wa wazazi Waganda, yaani jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Na angalia adui ni nani. Baba mkwe mstaarabu anayejisifu kwamba angempigia Obama kura hata mara ya tatu. Peele kawachapa hao hao wanaharakati wa maneno matamu, ndiyo maana inauma. Mwishoni, taa za polisi zilipomulika barabarani na stelingi kasimama mikono juu, nilijikuta peke yangu sebuleni nasema, "Huyu msimzoee." Peele alikuwa ameshapiga mwisho ambao stelingi anakamatwa, kisha akaubadilisha. Alifanya vizuri. Nisingevumilia mara ya pili.

Lakini filamu zilizonifanya nikae macho usiku hazikutoka Marekani. Zilikuwa hizi za Kinigeria na za kwetu, ambazo hakuna mtu anayeziita za kisiasa. Adui ni yule yule kila siku: bibi kizee, anaishi peke yake, macho mekundu.

Nje ya kibanda chetu kulikuwa na bibi anakaanga mapanki. Kwa msio wa huku, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakatwa na kwenda Ulaya, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania. Bibi alikaa na karai lake tangu saa nane mchana, kuni mbichi, upepo wa ziwani unamrudishia moshi usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Ungekaa pale hata wiki moja, na yako yangekuwa hivyo.

Jioni moja tuliweka ya mchawi. Watoto wakatoka mbio wamejawa na hofu na furaha, wakamkuta bibi kainama anapuliza moto. Mmoja akapiga kelele, "Ndiye huyu!" Jiwe likatua kwenye karai, mafuta yakamwagika motoni, moto ukapanda. Bibi alirudi nyuma akakaa chini. Hakulia. Akaanza kuokota mapanki mchangani, moja moja, anayapangusa kwa kanga. Nilipofika kumsaidia akaniambia, "Mjukuu wangu, mwambie mwenye video aweke za Kihindi. Watoto wakitoka huko wanaimba."

Nilimwambia bosi. Akasema za mchawi ndizo zinazojaza mabenchi. Nami kesho yake nilikuwa mlangoni napokea hamsini za watoto wale wale.

Mnaotoka Usukumani mnajua vizuri jiwe lile lingeweza kuwa panga. Vikongwe wangapi wamekatwa wakidhaniwa wachawi, kwa ajili ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe? Miaka hiyo hiyo ndipo yalipoanza kuvuma mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa, na marufuku ya wapiga ramli ilikuja Januari 2015. Sisemi sinema ndiyo iliyoua. Nasema pale mlangoni niliona jinsi watoto wanavyotoka wakijua tayari adui anafananaje.

Na kabla wanaharakati hawajanipigia makofi, kuna Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, 2004, filamu ya matukio halisi kuhusu biashara ya sangara, iliyopigwa hapa hapa Mwanza. Rais wa wakati ule, Kikwete, aliikemea hadharani 2006. Sisi kibandani hatukuipata, niliiona miaka baadaye. Hoja yake kuhusu minofu kupanda ndege na mifupa kubaki, naiunga mkono kwa mikono miwili, nimeila mifupa hiyo. Lakini kaipiga kama sinema ya kutisha kweli kweli: mapanki yananing'inia kwenye vichanja, funza, giza, sura zimechoka. Mtazamaji wa Paris anamhurumia mla mapanki, na anamwogopa kidogo. Hajui kwamba yale yakikaangwa yakakauka, na ndimu na chumvi, na ugali wa muhogo, watu wanapanga foleni na kucheka. Bibi yangu wa Igogo kwa watoto alikuwa mchawi, kwa yule bwana angekuwa jinamizi. Hakuna aliyemuuliza bei.

Ilikuwa shilingi 200.

Umeomba pia filamu ya kuanzia. Anza na ile ya 1968, mtandaoni iko bure na ni halali. Itazame na mtu ambaye hajaiona, usimwambie kitu, ila chunga ukosi wako.