Julai 14: bereti ibaki kabatini

Nimealikwa na majirani hapa Lyon kwa Julai 14, sikukuu ya taifa ya Ufaransa. Chakula rasmi cha siku hiyo ni kipi?

Hakuna. Julai 14 haina chakula cha lazima kama Idi ilivyo na pilau. Watu hutandika kitambaa bustanini au kando ya mto, wakala kwa mikono: bageti (mkate mrefu mwembamba), jibini ya mbuzi, nyanya, tikiti la Cavaillon lenye nyama ya rangi ya chungwa. Jioni huchoma soseji. Nenda na bageti mbili zilizookwa siku hiyohiyo, utapokewa vizuri. Na mkahawa ukikutangazia mlo maalumu wa sikukuu kwa bei ya kukomoa, pita zako.

Nivae bereti na skafu shingoni?

Mmeuliza tena, wengi, kama mwaka jana. Usivae. Bereti ni kofia ya sufu na Julai ni joto. Vaa kitani au pamba nyepesi. Fulana ya mistari ya bluu na nyeupe inafaa, nayo ina historia: iliwekwa rasmi kuwa vazi la mabaharia wa jeshi la Ufaransa mwaka 1858. Miguuni, espadrili, viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba, ila mvua ikinyesha soli hizo huharibika. Ukipenda rangi tatu za bendera, utepe mdogo kifuani unatosha. Kujipaka bendera uso mzima waachie mashabiki wa mpira.

Sisi ni Waislamu. Soseji za huko tule?

Merguez asili yake ni Afrika Kaskazini, ya kondoo au ng'ombe, yenye pilipili. Chipolata ni ya nguruwe. Tatizo ni kwamba huchomwa juu ya wavu mmoja. Nunua zako kwa mchinjaji wa halali, mwombe mwenyeji akuchomee kwanza. Hakuna atakayekasirika.

Fataki za Paris ni saa ngapi?

Saa tano usiku, Mnara wa Eiffel. Kiangazi giza huchelewa. Kusini, ukame ukizidi, fataki hufutwa kwa hofu ya moto wa msituni, basi ulizia mapema. Na msiwashe zenu vichakani!

Kwa nini washerehekee kuvunjwa kwa jela iliyokuwa na wafungwa saba tu?

Kwa sababu hawakwenda kwa ajili ya wafungwa. Mavuno ya 1788 yalikuwa mabaya, mkate ukapanda bei hadi mafundi na wachuuzi wa Paris wakashindwa kuununua. Julai 14, 1789 waliivamia jela hiyo, Bastille, wakitafuta baruti ya kujilinda dhidi ya majeshi ya mfalme. Mwaka mmoja baadaye siku hiyohiyo ikafanyiwa sherehe ya umoja wa taifa, na 1880 sheria ikaifanya sikukuu. Sheria yenyewe haitaji ni Julai 14 ya mwaka gani, 1789 au 1790. Ndiyo maana nakazania mkate na nguo za kawaida. Asili ya sikukuu hii ni watu waliokosa mkate. Kuigeuza maonyesho ya mitindo ya gharama ni kuwasahau.

Niko Mamoudzou, kisiwani Mayotte, karibu na Komoro. Nguo gani za kiangazi?

Kiangazi kipi? Kwenu Julai ni kusi, jioni kuna upepo. Vaa salouva yako (vazi la wanawake wa Mayotte) na kishali, chukua mishikaki na shelisheli la kuchoma. Mayotte ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, na Julai 14 ya huko haihitaji mavazi ya Paris.