Ufaransa Ina Saa Zake: Ushauri kwa Mpenzi wa Utamaduni wa Kifaransa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Mtu anayependa mambo ya Kifaransa, iwe michoro, mapishi, tamthilia au majumba ya wafalme, kwa kawaida huanza kupanga safari kwa kuorodhesha mahali pa kwenda. Anza na kalenda. Ufaransa makumbusho yana siku ya kufungwa, jiko la mgahawa lina saa ya kuzimwa, soko linaanuliwa kabla ya alasiri, na hata duka la mkate lina siku yake ya mapumziko. Asiyeijua ratiba hiyo hutumia fedha zile zile na kuona nusu. Anayeijua huingia mahali pale pale pakiwa pametulia, na hula wanachokula wenyeji kwa bei wanayolipa wenyeji.

Kwanza saa yenyewe. Tiketi zote huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaohesabu kuanzia usiku wa manane: 9h00 ni saa 3 asubuhi, 14h30 ni saa 8 na nusu mchana, 19h30 ni saa 1 na nusu usiku. Aliyezoea saa za Kiswahili aandike saa zote mbili kwenye karatasi yake ya safari, kwa sababu ukikosea saa ya treni au ya makumbusho, mara nyingi hakuna wa kukurudishia fedha. Ufaransa iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto.

Viza nayo ina kalenda yake. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje huko mwishoni, hasa ukitaka kusafiri Juni hadi Agosti, kwa kuwa nafasi za miadi huisha mapema. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu na itadumu walau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Kama utalala kwa ndugu, jambo la kawaida kwa wasomaji wetu wa Kongo na Burundi, mwenyeji wako ndiye anayekwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati iitwayo "attestation d'accueil". Inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo aianze kabla wewe hujajaza fomu yako. Barua ya kawaida ya mwaliko haichukui nafasi yake.

Sasa Paris. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na Orangerie yenye maua ya majini ya Monet hufungwa siku hiyo hiyo. Musée d'Orsay, kasri la Versailles, Musée Rodin, Carnavalet na Petit Palais hufungwa Jumatatu. Matokeo yake ni haya: Jumatatu watu wote waliokosa kwingine humiminika Louvre, na Jumanne waliokosa Louvre humiminika Orsay na Versailles. Basi epuka Louvre siku ya Jumatatu, na Versailles siku ya Jumanne na mwisho wa wiki. Versailles ni bora Jumatano au Alhamisi, saa 3 asubuhi mlango unapofunguliwa. Tarehe 1 Mei usipange makumbusho yoyote, maana karibu yote hufungwa. Centre Pompidou, yenye makumbusho ya sanaa ya kisasa, iko kwenye ukarabati tangu 2025 na inatarajiwa kufunguliwa tena 2030, kwa hiyo usidanganywe na kitabu cha zamani cha wasafiri.

Louvre inastahili maelezo marefu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hupoteza siku. Tiketi nunua mtandaoni kabla, ukichagua muda wa kuingia. Tangu Januari 2026 mgeni kutoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya hulipa euro 32, lakini aliye chini ya miaka 18 huingia bure, awe wa nchi yoyote. Hata mwenye pasi ya makumbusho bado hutakiwa kuchagua muda. Begi kubwa kuliko sentimita 55 kwa 35 kwa 20 haliruhusiwi, kwa hiyo usipitie hapo ukitoka hotelini na sanduku lako.

Jumatano na Ijumaa Louvre hufungwa saa 3 usiku badala ya saa 12 jioni. Chukua siku hizo, uingie kama saa 10 alasiri. Chini ya piramidi utakuta njia tatu: Denon, Sully na Richelieu. Umati wote hufuata vibao vya Mona Lisa kuelekea Denon, chumba cha 711. Wewe anza na Richelieu. Ghorofa ya chini kuna ua wa Marly, wenye farasi wa mawe chini ya paa la kioo, na jirani yake wale fahali wakubwa wenye mabawa na vichwa vya watu waliotoka kasri la kale la Khorsabad, Iraki. Panda juu uone vyumba vya enzi ya Napoleon III vilivyojaa dhahabu na mahameli, kisha ghorofa ya mwisho utafute mchoro mdogo wa Vermeer wa mwanamke anayefuma lesi, ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Ukimaliza, mchana umekwisha na vikundi vya watalii vimerudi kwenye mabasi. Hapo ndipo uende Denon. Kumbuka kwamba walinzi huanza kuwatoa watu vyumbani karibu nusu saa kabla ya kufunga. Tena Louvre hufunga baadhi ya vyumba kwa zamu, siku kwa siku. Kama umevuka bahari kwa ajili ya mchoro mmoja, angalia kwanza kwenye tovuti yao orodha ya vyumba vilivyofungwa siku hiyo.

Orsay ina usiku wake, Alhamisi, hadi saa 4 kasorobo. Jengo lilikuwa kituo cha treni kilichojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1900, likawa makumbusho mwaka 1986. Panda moja kwa moja ghorofa ya 5, walipo akina Manet, Monet, Renoir na Degas, kisha ushuke taratibu. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure, na ndiyo sababu huwa pamejaa. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo atapata raha zaidi Carnavalet, penye historia ya jiji la Paris, au Petit Palais, au nyumba ya mwandishi Victor Hugo kwenye uwanja wa Place des Vosges. Mikusanyo ya kudumu ya makumbusho hayo ya jiji ni bure siku zote zinapokuwa wazi.

Opera ya Garnier, iliyofunguliwa 1875, watu huitembelea mchana kuona ngazi zake za marumaru na dari iliyochorwa na Chagall mwaka 1964. Tatizo ni kwamba ukumbi wenyewe hufungwa wakati wa mazoezi, na dari iko humo ukumbini. Ulizia kabla hujalipa. Ukinunua tiketi ya onyesho, soma maandishi madogo: kiti cha bei ya chini sana huenda kimeandikwa "sans visibilité", maana yake utasikia muziki lakini jukwaa hulioni.

Chakula kina saa kali kuliko makumbusho. Cha mchana ni kati ya saa 6 na saa 8, cha usiku huanza saa 1 au saa 1 na nusu. Ukifika mgahawa mzuri saa 9 alasiri, jiko limezimwa na utaishia kwenye vibanda vya watalii. Ukichelewa tafuta "brasserie", mgahawa usiozima jiko alasiri, au mlango ulioandikwa "service continu", yaani huduma bila kukatizwa. Mlo wa maana ule mchana siku za kazi, kwa sababu mpishi yule yule anayetoza ghali usiku huweka ubaoni "formule" ya mchana, yaani mlo mkuu pamoja na kianzio au kitamutamu, kwa bei ya chini sana.

Ukiingia popote, dukani, mgahawani au kwenye basi, sema "bonjour" kabla ya neno lingine lolote. Mswahili hahitaji kufundishwa uzito wa salamu, lakini haraka ya safari humsahaulisha mtu, na huko asiyesalimu hupata huduma baridi. Omba "une carafe d'eau" uletewe maji ya bomba, ambayo ni salama na ni bure, la sivyo utaletewa chupa ya kulipia. Mkate unaoletwa na mlo haulipiwi. Gharama ya huduma imo ndani ya bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari, sarafu chache zinatosha. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi kuliko ukikaa mezani nje.

Nyama inataka uangalifu. Wafaransa huila ikiwa na damu. Ukisema "à point" bado itakuja nyekundu katikati, kwa hiyo aliyezoea nyama iliyoiva aseme "bien cuit". "Tartare" ni nyama mbichi kabisa. Kwa asiyekula nguruwe: vipande vyake vidogo viitwavyo "lardons" hujificha kwenye saladi na kwenye pai ya mayai iitwayo quiche lorraine, na chapati ya ngano nyeusi ya Brittany iitwayo "complète" ina hemu, yaani paja la nguruwe, ndani, ingawa ukiomba ya yai na jibini pekee watakutengenezea. Mvinyo nao umo kwenye mchuzi wa coq au vin (jogoo) na bœuf bourguignon (ng'ombe). Samaki aliyekaangwa kwa siagi, sole meunière, kwa kawaida hana matatizo hayo. Na usikose Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926 katika wilaya ya 5, wenye ua wa vigae na chumba cha chai ya nanaa. Wanaokuja kutembea tu huja siku nyingine, si Ijumaa.

Mkate: tafuta "baguette de tradition". Amri ya serikali ya 1993 inataka iwe ya unga, maji, chumvi na chachu au hamira, isiyogandishwa, na ladha yake huipita baguette ya kawaida kwa mbali. Ongezeko la bei ni senti chache. Inunue siku ile ile ya kula, kwani kesho yake huwa ngumu. Soko la Aligre huuza asubuhi Jumanne hadi Jumapili. Fika kabla ya saa 5.

Usafiri wa jijini: safari moja ya metro hukaribia euro 2 na nusu, na tiketi hiyo haikuruhusu kuunganisha na basi. Kwenda au kutoka uwanja wa ndege kuna tiketi yake, takriban euro 14, na anayetumia ya kawaida hupigwa faini papo hapo. Pasi ya wiki, Navigo, ni karibu euro 32 na inafika Versailles na uwanja wa ndege, lakini huanza Jumatatu na kwisha Jumapili, hata ukiinunua Alhamisi. Kadi yake ni euro 5 na inahitaji picha ndogo ya sentimita 2.5 kwa 3, kwa hiyo beba picha kutoka nyumbani. Ukitua Jumatatu pasi hiyo inajilipa yenyewe. Ukitua Ijumaa, iache. Ndani ya mstari wa 1 na treni ya RER B wezi wa mifukoni ni wengi, simu isikae mfuko wa nyuma.

Kama una siku 7 au zaidi, toa 2 kwa mji wa Lyon. Treni ya kasi kutoka Gare de Lyon, kituo kilichoko Paris, hutumia saa 2 hivi, na zipo pia zinazoondoka kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle bila kupita Paris. Ukichagua hizo, acha walau saa 3 kati ya kutua na kuondoka, maana foleni ya pasipoti haitabiriki. Bei hupanda kadiri siku inavyokaribia, hivyo nunua miezi 2 au 3 kabla.

Lyon ndiko ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, walikopiga filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani mwaka 1895. Banda la kiwanda hicho bado lipo, na nyumba ya familia ni makumbusho, kituo cha metro Monplaisir-Lumière, isipokuwa Jumatatu. Mji mkongwe una vichochoro vinavyopita ndani ya majengo, viitwavyo "traboules". Kirefu kuliko vyote mji mkongwe huanzia 54 rue Saint-Jean na kutokea 27 rue du Bœuf. Nenda asubuhi, sukuma mlango, na nena kwa sauti ya chini kwa sababu watu wanaishi humo. Migahawa ya asili, "bouchons", hupenda nguruwe na utumbo. "Tablier de sapeur" ni utumbo wa ng'ombe uliolowekwa kwenye mvinyo mweupe kisha ukakaangwa. Asiyetumia mvinyo wala nguruwe aulize kuhusu "quenelle", donge laini la samaki, na viungo vya mchuzi wake. Weka nafasi siku 2 kabla, na hakikisha pako wazi, kwani kadhaa hufunga mwisho wa wiki. Karibu na tarehe 8 Desemba kuna siku 4 za Fête des Lumières, mji mzima ukiwa umewashwa taa. Hoteli za siku hizo hujaa miezi kabla.

Wakati wa kurudi, namba ya jukwaa la treni huonyeshwa ubaoni karibu dakika 20 kabla, na milango hufungwa dakika 2 kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Treni nyingi zina mabehewa mengi, kwa hiyo tazama namba ya behewa lako na herufi ya mahali pa kusimama jukwaani kabla haijaingia.