Maswali ya gereji: joto chini ya boneti

Wiki hii wengi walioandika ni madereva wa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi).

Shikamoo fundi. Wenzangu hapa Karatu wameweka washa (vipete vya chuma) kwenye bawaba za boneti ili iinuke nyuma, joto litoke. Na mimi niweke?

Marahaba. Usiweke. Ukipanda polepole kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro, ni kweli joto litatoka kupitia mwanya ule. Lakini ukishika lami kuelekea Makuyuni, upepo unagonga kioo cha mbele na kujaa kwenye kona ile ya chini, kwa hiyo mwanya wako unaingiza hewa badala ya kuitoa. Hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inakosa pa kutokea, na mpya haiingii vizuri. Isitoshe, matundu ya hewa ya kabini yako palepale; injini ikivuja mafuta kidogo tu, wageni wako watayanusa hadi Arusha. Ukitaka kutoboa boneti, toboa mbele, nyuma kidogo ya rejeta, na uhakikishe mvua haitadondokea altaneta, ile inayochaji betri.

Ila kabla ya kutoboa chochote, chungulia kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta ndogo iliyo mbele) na rejeta. Kiangazi mbegu za majani hujazana humo mpaka mwanga haupiti. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa mpira wa maji wa kawaida, maana mashine ya presha inalaza mapezi, yale mabati membamba ya rejeta. Na kama umepanga taa za spoti mbele ya shoo (wavu wa mbele wa gari), zihamishe. Gereji zinauza rejeta mpya kila siku kwa watu waliohitaji ndoo mbili za maji.

Nitajuaje feni imechoka?

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe kwa mkono. Lazima ikupe uzito fulani. Ikizunguka kirahisi, mafuta ya silikoni ndani ya klachi ya feni, ile inayoiunganisha na injini, yamekwisha. Kwenye Toyota hizi fundi anaweza kuifungua na kuyaongeza. Angalia pia kava la feni: likipasuka au likitolewa, feni inarudisha hewa ileile ya moto.

Fundi wangu ametoa thamostati ili injini ipoe. Sawa?

Si sawa. Thamostati ni vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto; ikishafunguka yote haizuii kitu mlimani. Bila hiyo, asubuhi ya baridi injini haipati moto wake, dizeli haiungui vizuri na ringi za pistoni zinalika.

Rejeta ilitapika maji kwenye ukingo wa kreta.

Badilisha kifuniko cha rejeta kwanza. Pale ni kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kifuniko kizima ndicho kinachoipandisha namba hiyo.

Nimefunga tabo. Nizungushie ekzosi (bomba la moshi) ile bandeji ya kuzuia joto?

Kwa gari la matope, hapana. Inashika maji, bomba linaoza. Ikinywa mafuta, inawaka. Weka bati la kukinga, uache nafasi ya hewa kati yake na bomba, hasa upande wenye waya, betri na mipira ya breki.

Majani makavu yakinaswa chini, nisubiri nifike kambini?

Usisubiri. Simama sehemu isiyo na nyasi, uyatoe yote yaliyo juu ya ekzosi. Tumia fimbo, si mkono.